Gari Lisilowaka la Mama Paskalina

Vijana wangu wa karakana, wiki ile niliyowakabidhi funguo mlikuwa mmefungua sakafu ya gari la watalii lililotolewa injini ya dizeli na kutiwa mota ya umeme. Mlizunguka betri zake kama watu waliofungua sanduku la harusi. Mmoja wenu akaniuliza, kwa heshima lakini kwa jicho la huruma, kama katika miaka yangu yote nimewahi kuona gari la namna hiyo. Nikajibu kwamba nimelihudumia moja, hapa hapa Karatu, kabla baba zenu hawajaoa. Mkacheka. Nami nikacheka, nikarudi nyumbani kupitia dukani, nikanunua daftari hili.

Sitawaandikia nilivyopanda cheo, kwa sababu katika karakana ya watu wanne hakuna cheo cha kupanda. Nitaanzia pale nilipoanza kujua kitu.

Nilijifunza umeme wa magari Arusha, mwanzoni mwa miaka ya sabini, kwa Kalasinga mmoja tuliyemwita Mzee Kirpal. Siku ya kwanza nilifika na nguo safi, nikitegemea kushika bisibisi. Akanikalisha kwenye benchi, akaweka mbele yangu vikombe viwili vya maji.

"Onja."

Nikaonja vyote.

"Tofauti iko wapi?"

"Mzee, yote ni maji."

"Basi wewe nenda uza chai," akasema, akaendelea na kazi yake.

Siku ya pili vikombe viwili tena, nikashindwa tena. Siku ya tatu ndipo ulimi wangu ulipoamka. Kikombe kimoja kilikuwa na maji ya bomba, na kwa mbali yalikuwa na ladha ya udongo na chuma. Kingine kilikuwa na maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja kutoka angani, na hayo hayakuwa na ladha yoyote. Ilikuwa kama kunywa hewa. Nilipomweleza, Mzee Kirpal alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Betri inataka maji yasiyo na habari yoyote," alisema. "Ukiyaonja na yakakusimulia kitu, usiyatie."

Siku hiyo alinipa kipimo cha asidi, kile cha kioo chenye mpira juu na kielea ndani, na taa ya kupimia, yaani balbu ndogo yenye nyaya mbili. Nimefanya kazi na vitu hivyo viwili, na ulimi wangu, maisha yangu yote. Nawaonya hapa hapa kabla sijasahau: mnaonja maji yaliyo kwenye chombo chake, kamwe si yaliyo ndani ya betri. Mwenzangu mmoja alichanganya hayo mawili, akala uji wiki nzima.

Nilihamia Karatu miaka michache baadaye, nikapata kazi kwenye karakana iliyotegemea magari ya watalii yaliyopanda Ngorongoro. Kisha mpaka wa Kenya ukafungwa, watalii wakaadimika, na mwanzoni mwa miaka ya themanini mafuta nayo yakaadimika. Jumapili mchana magari yalikatazwa barabarani, ingawa hapa kwetu katazo hilo halikumsumbua mtu, maana hata Jumatatu hakukuwa na kitu ndani ya tenki. Land Rover nzuri kabisa zilipandishwa juu ya mawe zikawa vivuli vya kuku. Fundi umeme wa magari asiye na magari hana tofauti na kinyozi katika kijiji cha wenye vipara.

Mtu aliyeumizwa zaidi na hali ile alikuwa Mama Paskalina, Mmbulu wa hapa hapa Karatu, muuguzi mkuu wa zahanati ya misheni iliyokuwa juu kidogo, karibu na msitu. Kila mwezi alitakiwa kupeleka kliniki ya watoto kijiji cha Endamarariek, pamoja na mizani, kadi na chanjo. Land Rover ya zahanati ilikuwa imesimama. Alikwenda mara moja kwa punda, na sanduku la baridi likafika na chanjo zimeshapata joto, akalazimika kuzimwaga mbele ya akina mama waliotembea tangu alfajiri. Aliponisimulia hakulia. Alisema tu, "Fundi, surua haisubiri dizeli."

Zahanati ilikuwa na kitu kimoja ambacho sisi mjini hatukuwa nacho: umeme. Kijito kinachoshuka kutoka msituni kilizungusha mtambo mdogo uliojengwa na wamisheni wa zamani, ukawasha taa za wodi na friji. Sasa, marafiki wa misheni huko Ulaya waliposikia habari ya mafuta, wakatuma zawadi. Ikaja kwa meli, kisha juu ya lori. Ilikuwa gari la betri lililokuwa likigawa maziwa nyumba kwa nyumba katika mji fulani wa kwao.

Nitaikumbukaje siku ile bila kusimama kidogo? Liliteremshwa kwa mbao mbili: rangi ya maziwa, pua bapa, pande zote wazi, na ubavuni limechorwa ng'ombe mweupe anayecheka. Chini ya sakafu zilipangwa betri kumi na mbili, kila moja kubwa kama jiwe la kusagia. Nilipoinua kifuniko na kuziona zimeungwa moja kwa nyingine mfululizo, nilipiga magoti nikazihesabu upya. Miaka yote nilikuwa nimehudumia betri kama msaidizi wa injini, ya kuamsha tu halafu ikae kimya. Hapa betri ndiyo ilikuwa bwana.

Dereva aliyepewa gari alikuwa Saning'o, kijana wa Kimasai kutoka upande wa Endulen, mrefu mpaka magoti yake yaligusa usukani. Alilizunguka mara mbili, akasimama mbele ya ng'ombe.

"Huyu hana pembe," alisema. "Na anacheka nini?"

"Hajaijua Karatu bado," nikamjibu.

Mwenyekiti wa kamati ya zahanati alikuwepo pia. Ndugu Amsi alikuwa mkulima wa ngano na mbaazi, mtu mnene mwenye sauti nene, mwaminifu kupita kiasi katika mali ya umma, na asiyependa kuchekwa. Saning'o alipoketi na kugeuza ufunguo, hakukusikika kitu. Umati ukasubiri.

"Limewaka?" mwenyekiti akauliza.

"Ndugu Mwenyekiti, hili haliwaki," nikaanza kueleza. "Halina moto wa kuwasha. Ukikanyaga tu..."

"Haliwaki?"

"Haliwaki, lakini linakwenda."

"Fundi, mimi nimeishi miaka hamsini. Gari lisilowaka hukokotwa na maksai."

Saning'o akakanyaga. Gari likaondoka kimya kama paka, likampita mwenyekiti karibu kabisa, naye akaruka pembeni akitafuta kilichomgusa koti. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Nadhani kicheko kile kilitugharimu miezi sita ya urafiki wake. Tangu siku hiyo aliliita "friji lenye matairi".

Ukimya huo ndio uliokuwa tabia ya kwanza ya kujifunza. Watu walitembea katikati ya barabara wakipiga soga, na gari likawafikia mgongoni bila habari. Honi ilikuwa dhaifu kama kikohozi cha mtoto. Saning'o alikwenda kwao akarudi na kengele ya ng'ombe, ile ya chuma inayofungwa shingoni, akaining'iniza chini ya pua ya gari. Kuanzia hapo Karatu nzima ilijua Mama Paskalina anakuja. Naambiwa magari yenu ya leo yametiwa mlio wa kutengenezwa ili watu wasikanyagwe. Sisi tulikuwa na kengele.

Tabia nyingine tulizijua moja moja, na kila moja ilinifurahisha kama barua. Asubuhi za Julai, baridi ya Karatu ilizifanya betri zigome, tukazifunika magunia usiku, nazo zikaamka vizuri zaidi. Ukikanyaga kwa pupa mlimani, umbali uliobaki ulipungua mara mbili. Gari likichoka, ukaliacha likae kidogo bila kazi, lilirudisha nguvu kiasi, kama mtu aliyevuta pumzi. Mama Paskalina aliandika yote kwenye daftari la wagonjwa wa nje, akilipa gari jina, "Ng'ombe", na umri, "haujulikani". Miezi minne mfululizo kliniki ilifika Endamarariek na sanduku la baridi likiwa baridi kweli. Watu walilipa jina jingine. Kwa kuwa umeme wake ulitoka kwenye kijito, na kila wiki walituona tukizijaza betri maji kwa chupa, waliliita gari la maji.

Kiangazi kilipofika, kijito kilipungua, mtambo ukazunguka kwa uvivu, na betri hazikushiba. Maji ya mvua niliyokinga yakakaribia kwisha. Nikaomba lifti kwenye lori la mahindi kwenda Arusha kutafuta asidi na maji yaliyochemshwa na mvuke wake ukakingwa. Kabla sijaondoka nikamwagiza Saning'o, tena kwa haraka, mguu mmoja ukiwa tayari kwenye lori. Nilimwambia, "Yakipungua, zipe maji mazuri."

Nawaomba msome sentensi hiyo tena, maana kosa lote limo humo, na ni langu.

Nilirudi siku ya nne na chupa moja ya asidi, ndiyo yote niliyopata, na galoni mbili za maji. Nikamkuta Saning'o amekaa kando ya gari, shuka limefunika kichwa. Kifuniko cha betri kilikuwa wazi. Betri tatu za mwisho zilikuwa zimefurika povu lililokauka, jeupe, mpaka kwenye chuma.

"Zilianza kuchemka bila moto," alisema. "Nikaacha hapo hapo. Zile tisa sikuzigusa."

"Ulizipa nini?"

"Maji mazuri, kama ulivyosema."

Kando yake palikuwa na dumu. Nikachovya kidole, nikaonja, na papo hapo nikajikuta jikoni kwa mama yangu. Ilikuwa ladha ya maharage. Ilikuwa magadi, yale yale tunayotia chunguni ili maharage yaive upesi.

"Saning'o, haya umeyatoa wapi?"

"Nyumbani. Kuna chemchemi ambayo ng'ombe wakidhoofu tunawapeleka. Siku mbili tu wakinywa, manyoya yanang'aa. Niliona hili limedhoofu. Nimeyabeba begani mpaka barabarani, fundi." Akaonyesha ubavu wa gari. "Kwani si limechorwa ng'ombe?"

Nilikuwa nimejiandaa kufoka, lakini ningemfokea nani? Kwa mfugaji, maji mazuri ni yale yenye chumvi ambayo ng'ombe hukimbilia. Alikuwa amelipa gari maji bora kuliko yote aliyoyajua duniani. Mimi ndiye niliyesema "mazuri" bila kusema mazuri kwa nani. Nikakaa chini kando yake, nikamweleza polepole: betri inaishi kwa asidi, na magadi huila asidi, vikikutana hutoka povu, na nguvu ya betri huondoka nalo. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo nimelinywesha dawa ya mwenzake," alisema.

Kamati ilikutana kesho yake, na sikuweza kumlaumu mwenyekiti. Alitaka gari lifumuliwe: betri zilizo nzima ziwashe taa na redio, bodi iwe banda la kuku. Ndipo Mama Paskalina aliposimama, na mikono yake ikiwa bado na unyevu wa kunawa.

"Alhamisi nina kliniki Endamarariek," alisema. "Nimewaambia nitakuja. Kuna watoto wa kupata chanjo ya surua, na kijiji cha jirani tayari kimeshaanza kuugua. Nipeni Alhamisi hiyo moja."

Mwenyekiti akafikiri. "Sawa, Mama. Liende na lirudi Alhamisi, kwa miguu yake lenyewe. Nami nitakuwemo ndani. Likisukumwa hata hatua moja, Ijumaa nakuja na spana."

Tulikuwa na siku mbili. Asidi yangu ilitosha kuiosha na kuijaza upya betri moja tu kati ya zile tatu. Mbili zilizobaki niliziweka kwenye chaji pamoja na wenzao, nikiwa na tumaini la mtu asiye na njia nyingine. Jioni tulilizungusha gari uwanjani na mzigo wa mawe. Likaenda mizunguko mitatu, likalegea. Nikatoa kipimo changu, nikaanza kusoma betri moja moja nikiandika.

Saning'o hakusubiri. Alipiga magoti, akaanza kuzigusa kwa kiganja, moja baada ya nyingine, kama mtu anayegusa masikio ya ndama kujua kama wana homa.

"Hii," alisema. "Na hii. Zina joto, wenzao hawana."

Kipimo changu kilizifikia baada ya nusu saa, kikakubaliana naye. Zilikuwa zile mbili za magadi.

"Fundi, kundi linatembea kwa mwendo wa kilema," akasema. "Ukimbakiza kundini, wote wanachelewa kufika majini. Sisi humwacha bomani."

Mzee Kirpal alikuwa amenieleza jambo hilo hilo kwa chaki ubaoni, na sikuwa nimelielewa vizuri namna hiyo. Betri zilizoungwa mfululizo hupitisha umeme ule ule. Moja ikiwa mgonjwa, inakuwa mzigo kwa zilizo nzima. Tukazitoa zile mbili, nikaunganisha kumi zilizobaki kwa waya mnene. Gari lingepungua kasi, lakini lisingebeba wagonjwa wake lenyewe.

Alhamisi tuliondoka jua likiwa limeshapasha magunia. Saning'o kwenye usukani, Mama Paskalina kando yake na sanduku la baridi mapajani, mimi na mwenyekiti nyuma na mizani. Kengele ililia. Njia ya kwenda ina miteremko mingi kuliko milima, na Saning'o aliuacha uzito ufanye kazi, mguu wake haukugusa pedali ila pale palipo lazima. Tulifika. Foleni ya akina mama ilizunguka jengo, na sanduku lilipofunguliwa Mama Paskalina aligusa barafu, akanipa ishara ya kichwa tu. Mpaka saa nane watoto wote walikuwa wamelia, wamechanjwa, na wamenyamaza.

Kurudi ndiko kulikokuwa na mtihani. Vilima viwili vya kwanza tulivipanda kwa mwendo wa kutembea. Kwenye mlima wa mwisho kabla ya Karatu, sauti ya kengele ikaanza kuachana: ngo, kimya, ngo. Nusu ya mlima Saning'o akasimamisha gari, akavuta breki ya mkono.

"Tushuke wote," alisema. "Mgonjwa habebeshwi."

Tukashuka. Breki ilikuwa imechoka kama gari lenyewe, na magurudumu yakaanza kurudi nyuma taratibu. Nilikuwa upande wa pili. Aliyekuwa karibu ni Ndugu Amsi. Akatazama gurudumu, akatazama mikono yake, na nikamwona akipigana na sharti lake mwenyewe. Kisha akainama, akaokota jiwe jeusi la ukubwa wa mkate, akalisukumiza nyuma ya tairi.

"Jiwe si kusukuma," akatangaza, ingawa hakuna aliyekuwa amesema kitu.

Tulikaa kando ya barabara. Nikamweleza kwa nini tunasubiri, jinsi asidi inavyohitaji muda kujipanga upya ndani ya betri. Aliuliza swali, kisha jingine. Baada ya muda Saning'o akakanyaga, gari likapanda hatua thelathini, likachoka. Mwenyekiti alikuwa nyuma yake na jiwe mkononi, akaweka. Tukapumzika. Hatua nyingine ishirini, jiwe. Mara ya tatu hakusubiri kuambiwa. Alitembea ameinama pembeni ya tairi, koti limejaa vumbi jekundu, akihema kuliko gari.

Karibu na kilele tukakutana na wazee wawili wanatoka sokoni. Wakasimama kututazama: gari la maziwa linatambaa, muuguzi, fundi, na mwenyekiti wa kamati amekumbatia jiwe.

"Ndugu Amsi," mmoja akasema, "pole. Limezimika?"

Mwenyekiti akajinyoosha.

"Lingezimikaje na halijawahi kuwaka?" alijibu. "Linapumzika."

Mama Paskalina alifunika uso kwa kitambaa, mabega yakitikisika. Dakika kumi baadaye tulivuka kilele, mwenyekiti akapanda na jiwe lake, na mteremko ukatupeleka wenyewe mpaka zahanati, kengele ikilia kama ya kundi zima.

Ijumaa mwenyekiti hakuja na spana. Lile gari lilitumika kwa miaka kadhaa zaidi, mpaka mafuta yaliporudi na betri zikafikia mwisho wake wa haki, na Endamarariek haikukosa kliniki tena kwa sababu ya usafiri. Saning'o alijifunza kusoma kipimo changu. Mimi nilijifunza kutumia kiganja, na ndiyo sababu mmeniona nikigusa betri za gari lenu la watalii kabla hamjawasha kompyuta yenu. Iguseni kazi kwa mkono kwanza, halafu kipimo kiwaambie kama mmesikia vizuri. Na mkimwagiza mwenzenu, msimwambie "mazuri". Mwambieni mazuri kwa nani.

Zahanati ilipoliuza gari lile kama vyuma chakavu, nilikwenda kuaga. Mnunuzi alishachukua kila kitu, hata ng'ombe anayecheka. Palibaki kitu kimoja pale lilipokuwa likiegeshwa, nikakibeba begani mpaka karakana. Ni lile jiwe jeusi lililo mlangoni, mnalozuilia mlango usipigwe na upepo. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza limetoka wapi.